Saratani ya utumbo mpana: seli shina, seli za kinga na safari ya mgonjwa kutoka Ngara na Biharamulo

Na Mwandishi Wetu

Saratani ya utumbo mpana na puru ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa wapya duniani, na ya pili kwa idadi ya vifo vitokanavyo na saratani. Takwimu za mwaka 2022 za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonyesha kuwa watu takriban milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo mwaka huo, na wapatao 900,000 walifariki dunia. Makala hii inafafanua mambo mawili ambayo watafiti wameyashughulikia kwa bidii katika miaka 20 iliyopita, yaani jeni za ushina na upenyaji wa seli za kinga ndani ya uvimbe. Inaeleza pia namna mambo hayo yanavyomhusu mwananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa nchi tajiri. Mmoja wa walioipa hoja hiyo nguvu ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanganyika ikiwamo, wakitafuta mipaka ya saratani ya taya ya watoto ambayo leo hujulikana kwa jina lake. Baadaye alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za vijijini, hasa za misheni, akabaini kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1971 alichapisha makala akieleza kuwa chanzo cha tofauti hiyo ni chakula: ulaji wa nyuzinyuzi nyingi huharakisha safari ya choo na kuulinda ukuta wa utumbo.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na tutairudia. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba ugonjwa adimu na ugonjwa usiopimwa huonekana sawa katika daftari la hospitali.

Kanda ya Ziwa sasa ina ushahidi wake yenyewe. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru walioonekana katika kipindi cha miaka mitano. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 46. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umekwishafikia hatua za mbele, na zaidi ya nusu walikuwa na uvimbe katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na puru. Takwimu hizo tatu, yaani umri mdogo, kuchelewa na mahali ulipo uvimbe, ndizo zinazofanya sayansi inayoelezwa hapa chini isiwe habari ya mbali kwa mkazi wa Rulenge au Nyakahura.

Seli shina na jeni zake

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hujifanya upya kila baada ya siku nne au tano hivi. Ukuta huo una mamilioni ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika sakafu ya kila kishimo zimo seli chache ziitwazo seli shina. Seli shina ina uwezo wa namna mbili: hujigawa ikabaki seli shina, na hutoa seli nyingine zinazopanda juu ya kishimo, zinazofanya kazi ya kufyonza maji au kutoa ute, kisha zinazeeka na kudondoka. Uwezo huo wa kujihuisha bila kuzeeka ndio unaoitwa ushina, na jeni zinazouendesha ndizo jeni za ushina.

Mkulima wa migomba ataelewa jambo hili upesi kuliko wengi. Mgomba hutoa mkungu mmoja, hukatwa, na hadithi yake huisha. Lakini tunguu lililo ardhini hubaki na kutoa machipukizi mengine. Mnyauko bakteria ulipoingia katika mashamba ya Kagera, wakulima walifundishwa kwamba kukata shina la juu peke yake hakutoshi, kwa kuwa maradhi hubaki katika tunguu. Saratani ya utumbo mpana nayo ina mashina ya juu na ina matunguu. Tibakemia inaweza kuufyeka uvimbe ukaonekana umekwisha, kisha baada ya miezi au miaka ukachipua tena kutoka kwa seli chache zilizosalimika.

Jeni inayojulikana zaidi katika habari hii ni ile iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka 1991. Kazi yake ni kama breki: huzuia ishara zinazoiambia seli ibaki shina na iendelee kujigawa. Takriban asilimia 80 ya saratani za utumbo mpana zina hitilafu katika jeni hiyo. Breki inapokatika, seli hukusanyika zikafanya kinyama kidogo kinachoning'inia ndani ya utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Hitilafu nyingine huongezeka moja baada ya nyingine, kama walivyoeleza Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Marekani mwaka 1990, hata kinyama kikageuka saratani. Kwa kawaida mwendo huo huchukua miaka 10 au zaidi. Muda huo ni mrefu, na ni nafasi ambayo ugonjwa wenyewe humpa mtu: polipu ikionekana na kuondolewa mapema, saratani haitokei mahali hapo.

Mwaka 2007 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Nchini Uholanzi, Nick Barker na Hans Clevers walionyesha kuwa seli shina za utumbo zinaweza kutambuliwa kwa jeni iitwayo LGR5. Mwaka huohuo, kundi moja la watafiti mjini Toronto, Kanada, na lingine mjini Roma, Italia, yalionyesha kila moja kwa upande wake kwamba ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana si kila seli inayoweza kuanzisha uvimbe mpya. Watafiti wa Toronto walipopandikiza seli za uvimbe kwa panya, walikadiria kuwa ni seli moja tu kati ya 57,000 iliyokuwa na uwezo huo. Walipochagua seli zenye alama iitwayo CD133, ilikuwa moja kati ya 262.

Matarajio yalikuwa makubwa wakati huo: tafuta seli shina za saratani, ziue, na mgonjwa atapona. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 2017 watafiti waliwaondolea panya seli zenye LGR5 ndani ya uvimbe. Uvimbe ulisimama kukua, lakini haukufa. Seli nyingine zilirudi nyuma, zikaupata tena ushina, na uvimbe ukaanza upya mara tu mashambulizi yaliposimamishwa. Kwa hiyo ushina si cheo cha kudumu cha seli fulani. Ni hali ambayo seli inaweza kuingia na kutoka, kwa kutegemea jeni zilizowashwa na mazingira yanayoizunguka. Ndiyo maana watafiti waliacha kutafuta seli moja yenye hatia wakaanza kupima hali yenyewe. Mwaka 2018 kundi la kimataifa lilitumia kompyuta kuchambua takriban sampuli 12,000 za uvimbe wa aina 33 za saratani, likaunda faharasa ya ushina, yaani namba inayoonyesha ni kwa kiasi gani jeni za uvimbe zinafanana na za seli shina. Faharasa hiyo bado ni zana ya utafiti.

Seli za kinga ndani ya uvimbe

Upande wa pili ni kinga ya mwili. Ndani na kandokando ya uvimbe mara nyingi kuna seli za kinga zilizotoka katika damu zikapenya kati ya seli za saratani. Zipo seli T zenye kuua, zinazotambulika kwa alama ya CD8; zipo seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuzuia kinga isipite kiasi; na zipo makrofaji, seli kubwa zinazomeza uchafu, ambazo ndani ya uvimbe mara nyingi hugeuzwa zikautumikia uvimbe wenyewe.

Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake mjini Paris walichapisha matokeo yaliyobadilisha namna ya kuutazama ugonjwa huu. Walihesabu seli T katika kiini cha uvimbe na katika ukingo wake, wakaona kwamba aina, wingi na mahali zilipo seli hizo vilitabiri maisha ya mgonjwa vizuri kuliko hatua ya ugonjwa kama ilivyozoeleka kupangwa. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa uliojaa seli T aliweza kuishi muda mrefu kuliko mwenye uvimbe mdogo usio nazo. Mwaka 2018 kipimo kilichotokana na kazi hiyo kilithibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi 13.

Kwa nini uvimbe mmoja ujae seli za kinga na mwingine ubaki mtupu? Hapa ndipo njia mbili za utafiti zinapokutana. Uchambuzi wa aina 21 za saratani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa uvimbe wenye kiwango cha juu cha ushina kwa jumla huwa na seli chache za kinga ndani yake. Jeni zilezile zinazoiambia seli ibaki changa na iendelee kujigawa zinaweza pia kupunguza ishara zinazoziita seli T. Uvimbe wa namna hiyo una mambo mawili mabaya kwa pamoja: una matunguu mengi na hauna walinzi.

Lipo kundi moja lenye tabia tofauti. Takriban asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana, kwa takwimu za nchi za Magharibi, hutokea kwa sababu mfumo wa seli wa kusahihisha makosa ya kunakili jeni umeharibika. Uvimbe wa kundi hili hukusanya makosa maelfu, na kila kosa linaweza kutengeneza protini ngeni ambayo kinga huitambua. Hivyo seli T huingia kwa wingi, ila hufungwa breki na uvimbe zikashindwa kufanya kazi. Dawa za kufungua breki hizo zinatokana na uvumbuzi uliowapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018. Mwaka 2022 hospitali moja ya saratani mjini New York ilitoa taarifa ya wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru ya kundi hili waliotibiwa kwa dawa ya aina hiyo peke yake. Wote 12 uvimbe ulitoweka, bila upasuaji wala mionzi. Ni idadi ndogo, na ni wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo. Dawa zenyewe bado ni ghali mno kwa familia nyingi, huku na hata huko zilikotengenezwa.

Baadhi ya watu wa kundi hili hurithi hitilafu kutoka kwa mzazi. Katika ukoo ambao watu kadhaa wamepata saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba, hasa kabla ya miaka 50, jambo hilo ni la kumweleza daktari mapema. Desturi ya kutotaja alichofia mzee ni ya heshima, lakini katika suala hili humnyima mjukuu taarifa anayoihitaji.

Takwimu za Afrika ziko wapi?

Sehemu kubwa ya sampuli zilizojenga elimu hii zilitoka Marekani na Ulaya. Waafrika waishio Afrika ni wachache sana katika hifadhi hizo za takwimu. Hilo lina athari, kwa kuwa uvimbe wa watu wa mazingira tofauti unaweza kutofautiana. Utafiti uliofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 2021 uliwalinganisha wagonjwa wa huko na wa Marekani, ukaona kuwa sehemu ya wagonjwa wa Nigeria wenye uvimbe wa kundi la makosa ya kunakili ilikuwa kubwa kuliko ilivyozoeleka Marekani. Kama hali hiyo ingethibitika pia Afrika Mashariki, wagonjwa wengi zaidi wangekuwa miongoni mwa wale wanaoweza kunufaika na dawa za kinga. Jibu halitapatikana kwa kukisia; litapatikana kwa vipande vya uvimbe vilivyochukuliwa hapa, vikatunzwa vizuri na kupimwa.

Katika chakula, Tanzania imetoa mchango wa moja kwa moja. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume 77 wenye afya mkoani Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipokula chakula cha mtindo wa Magharibi kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za mchochota, na seli zao za kinga zilipungukiwa na uwezo wa kukabiliana na vimelea. Waliotoka chakula cha mjini kwenda cha asili, chenye mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipata mabadiliko ya kinyume, na mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Jaribio hilo halikupima saratani. Linaonyesha tu kwamba kinga ya mwili huguswa na chakula kwa muda mfupi kuliko wengi tunavyodhani, na kwamba Burkitt hakuwa amekosea njia.

Kundi jingine katika jaribio hilo lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likaonyesha mchochota uliopungua. Wapenzi wa rubisi wasifurahi haraka: pombe yenyewe ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya utumbo mpana vilivyothibitishwa, pamoja na tumbaku, unene uliopitiliza na nyama za kusindika.

Damu kwenye choo

Yote yaliyoelezwa hapo juu huanza na jambo moja la kawaida: mtu anaona damu kwenye choo. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo damu hiyo ina maelezo mengi yanayotangulia saratani akilini mwa mgonjwa, na hata mwa mtoa huduma. Inaweza kuwa bawasiri. Inaweza kuwa kuhara damu kutokana na amiba au bakteria. Inaweza kuwa kichocho cha tumbo, ugonjwa ulioenea katika Kanda ya Ziwa, ambao mayai ya minyoo yake hujeruhi ukuta wa utumbo. Kwa kijana wa miaka 30 au 40, sababu hizo kwa hakika ndizo zenye uwezekano mkubwa zaidi, na ni sahihi kuanza nazo.

Kosa hutokea pale dawa inapotolewa, damu ikaendelea, na dawa ileile ikatolewa tena. Mtu aliyemeza prazikwanteli au dawa ya amiba kwa kipimo sahihi na bado anatokwa damu baada ya wiki chache hapaswi kurudishwa mwanzo wa orodha. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa ya bawasiri, ya hospitali au ya mitishamba, bila aliyewahi kumchunguza kuona kama bawasiri ipo. Uchunguzi wa wagonjwa wa Bugando ulionyesha umri wa kati wa miaka 46. Maana yake nusu ya wagonjwa walikuwa na umri huo au chini yake. Kusema kuwa saratani hii ni ya wazee ni kuifunga macho nusu ya kwanza ya orodha hiyo. Marekani nayo, kwa sababu zake, mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza uchunguzi wa watu wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45.

Dalili nyingine ni choo kubadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, iwe kufunga, kuhara, au kufunga na kuhara kwa zamu, choo kuwa chembamba, kuhisi kwamba haja haijaisha, maumivu ya tumbo yasiyokoma, kupungua uzito, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu. Mwanamume mtu mzima au mwanamke aliyekoma hedhi akikutwa na upungufu wa damu usioelezeka, utumbo wake unastahili kuchunguzwa kabla ya kuandikiwa tu vidonge vya madini ya chuma.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Mtoa huduma aliyefunzwa, akiwa amevaa glavu, huingiza kidole katika njia ya haja kubwa na kupapasa ukuta wa puru. Huchukua muda usiozidi dakika moja. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Mwanza walikuwa na uvimbe katika sehemu ya mwisho ya utumbo, baadhi ya uvimbe huo ungeweza kuguswa kwa kidole katika kituo cha afya. Kipimo hiki hukwepwa kwa sababu ya haya, ya mgonjwa na ya mpimaji. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwanza, ya faragha, na ya kuomba mpimaji wa jinsi yake au mtu wa kuwa naye chumbani. Kwa mzee anayezungumza Kihangaza au Kishubi zaidi ya Kiswahili, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoisikia vizuri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wana nafasi ya pekee hapa, kwani ndio wanaosikia habari za damu kabla hazijafika zahanati.

Kidole kisipogusa kitu, uchunguzi haujaisha. Hatua inayofuata ni kipimo cha kamera, ambapo mrija laini wenye taa hupitishwa ndani ya utumbo mpana wote na kinyama huchukuliwa mahali penye shaka.

Safari ya mgonjwa na safari ya kinyama

Mfumo wa rufaa humpeleka mgonjwa kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, au hospitali ya kanda. Kwa wakazi wa Biharamulo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato iko karibu zaidi. Bugando ndiko kuliko na huduma za saratani za Kanda ya Ziwa, zikiwamo tibakemia na mionzi, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam ndiyo ya kitaifa. Mgonjwa wa Ngara aendaye Mwanza hupita Lusahunga na Geita hadi Busisi. Hapo zamani alisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Kwa mtu mwenye utumbo unaokaribia kuziba, saa za foleni ya kivuko hazikuwa jambo dogo.

Wakati mwingine kinyama husafiri badala ya mgonjwa. Daktari wa upasuaji wa wilaya aliyeondoa uvimbe hukiweka kipande katika formalini na kukituma maabara ya patholojia. Hapa pana mambo madogo yenye uzito mkubwa. Formalini iwe ya kutosha kukizamisha kipande chote. Chombo kiwe na jina, umri, tarehe na mahali kilipotolewa. Kipande kisikae humo kwa wiki nyingi, kwa sababu muda mrefu huharibu chembe za urithi na kukifanya kisifae kwa baadhi ya vipimo. Na uvimbe ukishatolewa, usitupwe hata kama daktari ana hakika na alichokiona kwa macho. Upasuaji usio na majibu ya patholojia humwacha mgonjwa bila hatua ya ugonjwa, na bila hatua ya ugonjwa hakuna anayeweza kumshauri kuhusu tibakemia.

Gharama ni swali la haki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima. Asiye na bima wala uwezo aanzie katika dawati la ustawi wa jamii la hospitali kabla ya kusafiri, akiwa na barua ya rufaa na utambulisho wa serikali ya kijiji. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umekwishaenea, tiba shufaa hupunguza maumivu na kumrudishia usingizi; kuipokea si sawa na kuambiwa kwamba hakuna la kufanya.

Majibu ya patholojia hutolewa kwa maandishi, yakiwa na namba ya maabara. Mgonjwa aombe nakala na aitunze pamoja na kadi yake, kwa kuwa kipande chenyewe hubaki maabara kikiwa kimegandishwa ndani ya nta. Kwa namba hiyo kinaweza kutafutwa miaka mingi baadaye, kikakatwa tena kwa unene wa elfu chache za milimita, na kutiwa rangi ya CD3 na CD8 ili kuhesabu seli T katika kiini na ukingo wa uvimbe wa mtu wa Ngara.